Maji Ndiyo Yanayochagua Samaki

Leo mazungumzo yetu ni ya samaki wa kufugwa nyumbani, wale wa tangi la kioo sebuleni, pamoja na uduvi wa rangi, hao kamba wadogo wasiofika urefu wa kidole. Lakini nitaanza na samaki ambaye sitaki umfuge hata ukipewa bure.

Makao yake ni Ziwa Magadi, kusini mwa Bonde la Ufa. Kitaalamu anaitwa Alcolapia grahami, na ni wa ukoo mmoja na tilapia unayemjua sahanini, ila yeye ni mdogo. Maji anamoishi yana magadi mengi kiasi kwamba kipimo chake cha pH hukaribia 10, na chemchemi zinazoyalisha zina joto la kupita nyuzi 40. Usiku oksijeni ya humo ikikaribia kwisha, anapanda juu na kuvuta hewa hii tunayovuta mimi na wewe. Jike huatamia mayai kinywani. Hayo peke yake yangetosha kumpa sifa, lakini kilichowashangaza wanasayansi hasa ni mkojo wake.

Samaki karibu wote hutoa taka ya mwili kwa njia ya amonia. Inawatoka kupitia mashavu, inayeyuka majini, basi. Kwenye maji ya Magadi njia hiyo imefungwa, kwa sababu amonia haitoki mwilini kwa urahisi maji yakiwa na pH ya juu namna hiyo. Angeibakiza angekufa kwa sumu yake mwenyewe. Kwa hiyo yeye hutengeneza urea, kama tufanyavyo sisi wanadamu, na hutoa urea tu. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1989 katika jarida la Nature, na hadi leo wanafunzi wa biolojia duniani wanafundishwa juu ya samaki wetu huyu.

Utaniuliza, mwalimu, mkojo wa samaki wa Magadi unanihusu nini mimi mwenye tangi la lita hamsini hapa Nakuru? Unakuhusu sana. Amonia ile ile inatoka kwa samaki wako kila dakika, na inatoka pia kwenye chakula kinachobaki chini bila kuliwa. Maji yakiwa na pH ya 7, katika joto la kawaida la tangi, sehemu iliyo sumu kali ya amonia hiyo haifiki hata asilimia moja. Pandisha pH hadi 8, inakuwa kama asilimia tano. Fika 9, ni thuluthi moja na zaidi. Uchafu ni ule ule, samaki ni wale wale, lakini sumu imeongezeka mara nyingi. Ndiyo maana jamaa yako wa mji mwingine anaweza kulisha ovyo na samaki wake wakavumilia, nawe ukalisha vile vile ukaamka asubuhi ukawakuta wameelea.

Basi tuyatazame maji yetu. Nakuru inategemea sana visima virefu, kama vile vya Kabatini, Baharini na Olobanaita, na maji mengine hutoka upande wa Turasha. Maji ya visima yamekaa muda mrefu ndani ya miamba ya volkeno. Humo hubeba sodiamu na baikaboneti kwa wingi, lakini kalsiamu kidogo. Na kalsiamu ikiwa kidogo, floraidi hupata nafasi ya kuyeyuka na kubaki, maana kalsiamu nyingi ingeishika na kuigandisha. Matokeo yake tumeyaona kwenye meno ya kahawia ya watoto waliokulia katika ukanda huu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya Bonde la Ufa huvuka hapo. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilijulikana kwa machujio yake ya mkaa wa mifupa, yanayopunguza floraidi.

Mfugaji wa samaki asome meno hayo kama mganga asomavyo dalili. Yanamwambia kwamba maji ya kisima cha hapa yana tabia mbili ambazo mara nyingi haziendi pamoja. Ukifua nayo, sabuni inatoa povu haraka, nawe unasema maji haya ni laini. Ukiyapima pH, iko juu, nawe unasema haya ni magumu. Povu ni kweli, na pH ya juu ni kweli. Vitabu vingi vya ufugaji vimeandikwa Ulaya na Marekani, na huko mara nyingi maji yenye pH ya juu huwa pia na kalsiamu tele. Mtu anasoma kwamba samaki fulani apenda maji magumu, anapima pH yake, anaona 8 na zaidi, anafurahi, kumbe kalsiamu yenyewe haipo. Kwa hiyo nunua vipimo viwili, kile cha baikaboneti na kile cha kalsiamu na magnesiamu. Kimoja bila kingine kitakupotosha. Tena usipime mara moja ukaridhika, kwani mfereji unaolishwa na kisima leo waweza kulishwa na mto kesho.

Sasa ni nani anayekubali maji hayo? Gapi na moli wanayavumilia vizuri ukiwaongezea madini. Siklidi wa Ziwa Malawi na Ziwa Tanganyika wamezoea pH ya 8 na kwenda juu, nao ndio ningempa mfugaji wa hapa anayetaka kitu cha pekee. Wapo wa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, dume mmoja akilinda kombe lake kana kwamba ni shamba la urithi, na tangi dogo linawatosha. Madini utakayoongeza ni jasi na chumvi ya Epsom, kidogo kidogo, ukipima. Wale samaki wa Amazoni wanaong'aa kama taa, waliozaliwa katika maji laini ya msituni yenye rangi ya chai, wasikutie tamaa. Hao hutaka maji ya mvua, na hata hapo ni kazi.

Liko jambo la baridi na la mwinuko. Nakuru imekaa kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja kwa tano ukilinganisha na Mombasa, joto likiwa sawa. Usijaze samaki kwa kufuata hesabu ya mtu wa pwani. Pampu ya hewa hapa si pambo. Nao usiku wa Juni na Julai unashusha joto la tangi lisilo na hita hadi mahali ambapo samaki wengi wa nchi za joto hunywea na kuota madoa meupe. Stima ikipotea, funika tangi kwa blanketi pande zote, na usiwalishe mpaka irudi.

Baridi hiyo hiyo inayomsumbua mwenye samaki ni neema kwa mwenye uduvi. Uduvi mwekundu anayefugwa duniani kote, ambaye asili yake ni China na Taiwan, hustawi kwenye nyuzi 18 hadi 24. Mfugaji wa Mombasa ana kazi ya kupoza maji. Wewe wa Nakuru unahitaji tu kivuli na mahali pasipo na upepo. Kwa maoni yangu, hapa kwetu ni nchi ya uduvi kabla ya kuwa nchi ya samaki. Anakula ukungu wa kijani unaoota juu ya mawe, hatii tangi uchafu mwingi, huzaa watoto waliokamilika bila kupitia baharini, na ukikaa mbele yake jioni utasahau simu.

Shida yake ni gamba. Uduvi hukua kwa kujivua gamba la zamani na kujenga jipya, na jipya linahitaji kalsiamu, kitu ambacho nimeshasema kisima chetu kinabana. Ukiona uduvi wanakufa mmoja mmoja, wamekwama nusu ndani ya gamba, usikimbilie dawa. Pima kalsiamu. Dawa nyingi za samaki zina shaba ndani yake, na shaba kidogo tu humaliza uduvi wote kwa usiku mmoja.

Tena iko sumu nyingine ambayo mtu wa Nakuru anapaswa kuijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu mji huu umeishi nayo. Ni pareto. Kuna wakati Kenya iliuzia ulimwengu sehemu kubwa ya pareto yake yote, na kiwanda kikawa hapa hapa Nakuru. Wazee wa Molo na Mau Narok waliosomesha watoto kwa maua yale meupe bado wapo. Pareto huua mdudu kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu, na uduvi, kwa upande huo, ni jamaa wa mdudu. Leo mikebe mingi ya kupulizia mbu ina binamu wa pareto waliotengenezwa maabara, wakali zaidi kuliko pareto yenyewe. Mtu anapuliza chumba, anafunga mlango, anaenda zake. Kile kinachotua juu ya maji kinatosha kuua kila uduvi, na pampu ya hewa inaendelea kuvuta kilichobaki na kukiingiza ndani. Dawa ya kupe uliyompaka mbwa, nawe ukatia mkono tangini bila kunawa, hufanya kazi hiyo hiyo. Na majani ya mboga unayowapa uduvi, kama hujui yamepuliziwa nini, yaache. Ukifuga uduvi, lala ndani ya chandarua na ule mkebe uuweke mbali.

Kuna habari njema kwa mfuko wako. Vifaa vingi vinavyouzwa kwa bei ya kuumiza vina ndugu zao katika udongo wetu. Ndani ya chujio la tangi kunatakiwa kitu chenye matundu madogo mengi, ili bakteria wapate makao. Hao ndio wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa, na wanahitaji wiki nne hadi sita kujijenga kabla hujaweka samaki wa kwanza. Jiwe jepesi la volkeno la upande wa Longonot na Naivasha, lile linaloelea majini, linafanya kazi hiyo vizuri. Lioshe, lichemshe mpaka lizame, lipange. Nako Kariandusi, kando ya barabara ya Nakuru na Gilgil, kunachimbwa udongo mweupe ambao ni mabaki ya mwani mdogo mno wa ziwa lililokauka zamani za kale, na udongo wa namna hiyo hutumika duniani kuchujia maji, pombe na sukari. Mawe nayo yanunue kwa wauza mawe. Usiyaokote ndani ya hifadhi.

Hapo, msikilizaji, ndipo tunapofika kwenye maziwa, na hapo mimi huanza kupandisha sauti kidogo. Utanivumilia.

Turudi kwa yule samaki wa Magadi. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alichukuliwa na kuletwa Ziwa Nakuru, ziwa ambalo hapo kabla lilikuwa halina samaki, ili ale viluwiluwi vya mbu. Alikuta mwani tele, chakula kile kile cha heroe, akazaana. Ndege mwari weupe wakaona. Wakaja kwa maelfu, wakawa wanalea makinda yao Elementaita na kuruka kila siku kuja kuvua Nakuru. Watalii wakawapiga picha, nasi tukasahau kwamba picha ile ilianzishwa na ndoo ya samaki. Katika kisa hicho mtu anaweza kusema hasara haikuonekana. Mimi nasema tulibahatika.

Naivasha hatukubahatika. Ziwa Naivasha ni tangi la samaki kubwa kuliko yote nchini, na kila aliyepita amelitia anachokitaka. Samaki wa asili wa ziwa lile alikuwa mdogo, mwembamba, wa ukoo ambao wafugaji wa Ulaya huwatafuta kwa bei kwa sababu jicho lao hung'aa. Walowezi wakataka samaki wa kuvua kwa ndoana siku ya mapumziko, wakaleta besi kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, naye besi ni mlaji wa samaki wenzake. Zikaja tilapia za aina mbalimbali. Yule mdogo wa jicho la kung'aa alionekana mara ya mwisho mwaka 1962. Mwaka 1970 akatiwa kamba mwekundu wa Louisiana, kwa matumaini ya kumuuza Ulaya, na kweli aliuzwa. Lakini alipozidi alikula mayungiyungi na majani ya chini ya maji mpaka sehemu kubwa za ziwa zikabaki tope tupu. Mwaka 2001 wavuvi wakaanza kunasa kapu, samaki anayefukua matope kama nguruwe, na baada ya miaka michache ndiye aliyejaza nyavu zao. Gapi naye yumo, yule yule wa tangini kwako.

Na mimea pia. Salvinia, jani lile dogo linaloelea, ambalo watu hulipenda kwenye bwawa la bustani kwa sababu linatia kivuli, lilionekana Naivasha katika miaka ya 1960 na kufunika maji kwa mikeka ambayo mashua haikupita. Ilibidi aletwe fukusi mdogo wa kulitafuna. Lilipopungua, gugu maji, lililoonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, likashika zamu. Yote mawili ni mimea ya mapambo kutoka Amerika ya Kusini, na gugu lina ua zuri. Hilo ndilo tatizo lake.

Siwalaumu wavuvi wa Naivasha wanaokula na kuuza kapu leo. Samaki akishakuwa ziwani ni riziki, na watoto wanakwenda shule. Ninachokataa ni ile imani kwamba maji yana nafasi ya kila kitu. Mto Njoro, Malewa, bwawa la shule, mtaro wa nyuma ya nyumba, yote yanaungana na kitu fulani. Hata samaki wa ukoo wetu wenyewe anaweza kuharibu. Mwaka 2009 watafiti, akiwemo Dorothy Nyingi wa Makumbusho ya Taifa, walieleza kundi la tilapia asilia katika kinamasi cha Loboi, karibu na Ziwa Bogoria, lenye nasaba yake ya pekee. Tilapia wa shambani akimwagwa pale, atazaa nao, na nasaba hiyo itayeyuka bila mtu kuona mzoga hata mmoja.

Wala tangi la nyumbani si adui wa maziwa, kama baadhi ya watu wa mazingira wanavyolichukulia. Tazama Ziwa Victoria. Mbuta, mlaji wa samaki wenzake, alipandikizwa humo miaka ya 1950 na 1960, na katika miaka ya 1980 fulu, wale siklidi wadogo wa ziwa hilo, wa aina mia na zaidi walitoweka au wakapungua vibaya. Baadhi ya aina hizo leo zipo hai kwa sababu tu mtu fulani Uholanzi au Marekani anazilea katika vyumba vya chini vya nyumba yake, anabadilishana makinda na wenzake, anaandika nasaba kama mfugaji wa farasi. Yuko fulu mmoja wa visiwa vya mawe vya Mwanza, mgongo mwekundu, ubavu wa manjano wenye milia myeusi, ambaye mwaka 1985 alipewa jina la Mwalimu Nyerere. Anaitwa Pundamilia nyererei, na anajulikana kwa wafugaji wa Berlin na Chicago. Mtaje hapa Nakuru, mwendo wa saa chache tu kutoka Kisumu, watu watakuuliza ni chama gani. Maduka yetu yanajaza samaki wa dhahabu na samaki waliozalishwa Asia, nasi tunaamini kwamba samaki wa ajabu hutoka mbali.

Ningependa kuona klabu za shule na wanafunzi wa Egerton wakiwalea fulu wa Ziwa Kanyaboli, lile ziwa dogo la kinamasi cha Yala ambamo aina zilizopotea Victoria zimejificha. Kwa kibali, kwa daftari, na tangi moja kwa aina moja, bila kuchanganya. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inataka idhini kwa mambo haya, na ndani ya mbuga kama Ziwa Nakuru usitie hata kopo majini. Kama hayo ni mazito kwako, anza na uduvi wa Victoria, yule ochong'a anayeuzwa akiwa amekauka kwa wafugaji wa kuku. Akiwa hai ana mwili wa kioo, moyo wake unauona ukipiga.

Na siku ukichoka, maana utachoka, au ukihama, au samaki akikua akajaza tangi kama oska afanyavyo, mpe mfugaji mwingine au mrudishie mwenye duka, hata kama hakulipi kitu. Akiwa mgonjwa asiyepona, matone ya mafuta ya karafuu katika bakuli la maji yake yatamlaza, ukiongeza hataamka. Mimea usiitupe kwenye mtaro. Ianike juani mpaka ivunjike mkononi, kisha ichome. Maji ya tangi yamwagie sukuma wiki, itakushukuru kwa ile naitreti, mradi shamba lako lisiwe limeteremkia mtoni.